Hofu ya Kweli na Fikra Potofu: Uhakiki wa Tafiti Mbili za Tiba ya Fikra na Tabia

Tiba ya fikra na tabia humfundisha mgonjwa kuikagua fikra inayomtesa na kujiuliza: je, ni kweli? Makala haya yanadai kuwa swali hilo, likiulizwa Rumonge, linamhitaji mwulizaji anayeijua historia ya Rumonge.

Tuanze ng'ambo ya ziwa. Mwaka 2013 Judith Bass na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanawake 405 wa Kivu Kusini walionusurika ukatili wa kingono. Vijiji vingine vilipewa tiba, hasa kwa vikao vya kikundi. Vingine vilipewa msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya matibabu, waliokuwa bado na dalili nzito za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9 katika kundi la tiba na asilimia 42 katika kundi la pili. Ni kweli kwamba wengi hawakukamilisha tathmini zote. Hata hivyo, tiba ilirahisishwa kwa wasiojua kusoma, na ilifanyika mahali ambapo vita vilikuwa havijakoma. Kwa hiyo, hoja kwamba tiba hii inazifaa nchi tulivu tu haina mashiko.

Burundi kulitokea tofauti. Mwaka 2014 Wietse Tol na wenzake walitoa matokeo ya watoto 329 wa shule. Vikao 15 vilichanganya mbinu za tiba hii na michezo na sanaa. Kwa jumla, tiba haikupunguza kiwewe wala sonona. Nafuu ilionekana kwa baadhi tu, wakiwamo waliokuwa wakiishi na wazazi wote wawili.

Tafiti hizi hazilingani kwa umri wala kwa mbinu, hivyo moja haiibatilishi nyingine. Lakini zikisomwa pamoja zinatuonyesha jambo. Mwanamke anayejilaumu kwa kubakwa amebeba fikra ya uongo, ikikaguliwa, huanguka. Mtoto asiye na mzazi hakosei anapojiona mpweke.

Rumonge ina hofu nyingi za aina hii ya pili. Mauaji ya 1972 yaliwakimbiza wengi hadi Tanzania, na mashamba yao, yakiwamo ya michikichi, yakagawiwa wengine. Waliporudi walikuta wenyeji wapya. Tume ya taifa ya ardhi na mali iliundwa mwaka 2006, lakini migogoro iliendelea. Aliyerudi na aliyemkuta wote hulala wakiwaza, "Nitanyang'anywa shamba." Nani kati yao ana fikra potofu?

Watetezi watasema tiba hii hufundisha pia kutatua matatizo. Sawa, lakini hati ya shamba haitolewi katika kikao cha ushauri nasaha.

Sisemi tiba isiletwe. Nasema dodoso linalohesabu usiku wa kukosa usingizi liulize pia kama kinachomkosesha mtu usingizi bado kipo. Bila swali hilo, mtafiti anaweza kumwandika mtu kuwa mgonjwa kwa sababu tu ameielewa vizuri hali yake.