Kicheko na Kilio katika "The Breakfast Club"

Mchezo uchanganyao mzaha na huzuni mara nyingi hulaumiwa kwamba hauna sauti moja, kwa kuwa mtazamaji acheka sasa na baada ya kitambo alia. Lawama hiyo haitoshi. Sauti moja si hali moja. Ni kwamba mchezo wote hupima uchungu kwa kipimo kile kile.

Tuitazame filamu ya Kimarekani ya mwaka 1985, The Breakfast Club, aliyoitunga na kuiongoza John Hughes. Wanafunzi watano wa sekondari wawekwa maktabani Jumamosi kwa adhabu, wakaamriwa kuandika insha ya maneno yasiyopungua 1,000 juu ya nafsi zao.

Sehemu iliyo bora ni pale waketipo chini wakaambiana siri. Brian, hodari wa masomo, aeleza kwamba bastola ilikutwa kabatini mwake. Alikuwa ameshindwa somo la ufundi: taa yake ya umbo la tembo, iliyopasa kuwaka mkonga uvutwapo, haikuwaka, naye hakuweza kuistahimili alama ile. Kisha yafahamika kwamba bastola ni ya kurushia fataki za ishara, tena ililipuka humo humo kabatini. Brian asema si jambo la kuchekwa. Mara acheka yeye mwenyewe, na wote pamoja naye. Kicheko hiki hakifuti kilio, maana vyote viwili vyatoka katika tembo yule mmoja.

Kabla ya hapo, Andrew, akiisha kuvuta bangi, acheza ngoma na kupiga ukelele hata kioo cha mlango chavunjika. Haya ni mambo ya katuni (nami nakiri kwamba vijana huyapenda sana). Lakini ikiwa vitu huvunjika kwa mzaha katika dunia hiyo, tulipimeje kovu la sigara ambalo Bender asema alitiwa na babaye?

Kosa kubwa zaidi halina mzaha wowote. Allison aliumizwa na wazazi wasiomjali. Asubuhi tulimwona akiinama kuwaaga, na gari likaenda zake. Karibu na mwisho Claire ampaka rangi na kumtengeneza nywele, Andrew amwona mzuri, na filamu yaridhika. Uchungu wa Brian ulisikilizwa hata mwisho. Wa Allison umetiwa poda.