Ua Halingoji

Ua likishachumwa halingoji. Petali hulegea, zambarau hugeuka kahawia. Mtaalamu wa mimea akilibana kati ya karatasi likauke, umbo hubaki lakini rangi nyingi hupotea. Ndiyo maana hata baada ya kamera kuenea, sayansi iliendelea kuwahitaji watu wa kuketi porini na kijisanduku cha rangi za maji.

Mmoja wao alikuwa Joy Adamson. Wengi wanamjua kwa simba jike Elsa na kitabu alichokichapisha kumhusu mwaka 1960, lakini brashi ilimtangulia Elsa kwa miaka mingi. Alifika Kenya mwaka 1937 akitokea Austria, na mwaka uliofuata akaolewa na Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea katika Makumbusho ya Coryndon, Nairobi. Bally alimhimiza achore mimea waliyoikuta safarini. Akachora mamia, na mwaka 1947 Waingereza wakamtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa kazi hiyo.

Anayestahili kusifiwa hapa si yeye peke yake, bali ufundi wenyewe. Katika rangi za maji, weupe haupakwi: ni karatasi iliyoachwa wazi. Mchoraji huamua mapema mwanga utakaa wapi, ndipo aloweshe brashi, kwa sababu pakishaguswa ni vigumu kuparudisha. Nyikani penye jua kali, rangi hukauka kabla hajawahi kulainisha kingo. Katika ukungu wa mlimani haikauki, kijani kikatiririkia nyekundu. Huku jani lenyewe lina kijani zaidi ya kimoja, upande wa juu ukimeta na wa chini ukififia, na kila kimoja sharti akichanganye mwenyewe. Kamera hupokea yote kwa mara moja. Mkono hauwezi kuchora ambacho jicho halijakichunguza, na hapo ndipo ulipo ubora wake.



Baridi nayo ina masharti yake. Daktari Edward Wilson, aliyekwenda Antaktika katika msafara wa Kapteni Scott mwaka 1910, hakuweza kutumia maji barafuni kwani yaliganda. Alichora kwa penseli, akaandika majina ya rangi pembeni, kisha akazipaka ndani ya kibanda. Alifia huko mwaka 1912; michoro yake ingali inatazamwa.

Walimu wa baiolojia, watoeni wanafunzi nje ya darasa. Sanduku la rangi, kikombe cha maji na mhibiskasi mmoja wa uani vinatosha kwa kipindi kizima.