Dhamana ya Tabibu na Mshipa wa Uso: Kasoro Katika Darsa Zetu

Mlango wa diya husomeshwa kila mwaka katika madrasa za Tanga, Pangani na Mkinga, na mwanafunzi hutoka amehifadhi idadi ya ngamia wa mdomo, wa ulimi na wa taya. Hilo ni jema. Ila sisi tuna naqdi juu ya namna mlango huo unavyosomeshwa, kwani masuala yanayoletwa msikitini siku hizi si ya rungu wala panga. Ni ya mgonjwa aliyekwenda hospitali kutolewa uvimbe wa taya au wa tezi la chini ya sikio, akarudi mdomo umekwenda upande na jicho halifumbi. Jamaa zake humuuliza imamu: je, daktari ana dhamana? Jawabu huwa "hiyo ni kadari" au "na alipe", na yote mawili hutolewa kabla halijaulizwa swali hata moja.

Sehemu ya tatizo ni lugha. Kwetu pwani mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, ni kano, na hata busha watu huliita mshipa. Waarabu wana 'irq, 'asab na watar. Mwalimu anayefasiri yote matatu kwa neno moja hawezi kumfahamisha mwanafunzi nini hasa kilichokatwa.

Mshipa wa fahamu wa uso hutoka kwenye fuvu nyuma ya sikio, ukaingia katika tezi la mate lililo mbele yake, na humo ukagawika matawi makubwa matano. Tawi la nne hupita ukingoni mwa taya na ndilo linaloshusha mdomo wa chini. Mwaka 1962 Dingman na Grabb wa Marekani walieleza uchunguzi wao wa nusu 100 za nyuso za maiti: katika 19, tawi hilo lilishuka chini ya ukingo wa taya kwa kiasi kisichozidi sentimita moja. Ndiyo maana mpasuaji hodari huchanja kiasi cha vidole viwili chini ya taya, huutafuta mshipa na kuufuata, na hukubaliana na mtoa usingizi asilegeze misuli wakati huo, ili mshipa ukiguswa uso ucheze na kumwonya.

Wapo watakaosema haya aliyajua zamani Abul-Qasim az-Zahrawi wa Andalusi. Tunampenda az-Zahrawi, lakini sifa anazopewa mimbarini zinaonyesha kwamba wengi hawajamsoma. Katika maqala ya 30 ya at-Tasrif anahadithia tabibu mjinga aliyepasua uvimbe wa shingo ya mwanamke, akakata mshipa wa damu, na mwanamke akafa mikononi mwake. Hiyo ndiyo hoja yake kwamba asiyejua maumbile ya viungo asishike kisu. Lakini katika maqala hiyo hiyo anatibu laqwa, yaani kupinda uso, kwa kuchoma moto mahali patatu, mojawapo ikiwa shina la sikio. Leo hakuna mjuzi atakayefanya hivyo. Basi tumfuate katika sharti lake la elimu, na chuma chake tukiache katika zama zake.

Turudi kwenye fiqhi. Ibnul-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria) aliwagawa matabibu mafungu matano. Hodari aliyeipa kazi haki yake, kwa idhini, na mkono wake usikosee, hana dhamana hata kama kiungo kimeharibika. Hodari huyo huyo mkono wake ukiteleza, ana dhamana, kwa kuwa ni jinai ya makosa. Asiye na ujuzi akamhadaa mgonjwa, huyo hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyo kwa Abu Daud imemaliza maneno juu yake. Sasa imamu atajuaje kama kazi ilipewa haki yake, ikiwa hajui mchanjo ulitakiwa upite wapi? Tena uvimbe huweza kuuzunguka mshipa wote, na wagonjwa wetu wengi huchelewa, uvimbe ukawa mkubwa mno. Hapo kuukata mshipa kwa idhini si kuteleza kwa mkono.

Kuhusu kiasi, Ibn Qudama katika al-Mughni anataja sa'ar, uso kugeuzwa upande kwa pigo: Hanbali wanasema diya kamili, na kwa Shafi'i ni hukuma, makadirio ya kadhi, kwa kuwa kilichoondoka ni uzuri bila manufaa. Baadhi ya masheikh wetu hulichukua jawabu hili la Shafi'i wakalibandika juu ya mgonjwa wetu. Hatuafikiani nao. Jicho lisilofumba hukauka na kupata kidonda, na mdomo uliolegea huangusha chakula. Hayo ni manufaa yaliyopotea. Suala hili lina udugu zaidi na mdomo uliopooza.

Na wasikimbilie kuhesabu. Mshipa uliovutwa tu bila kukatwa aghlabu hurudi kwa wiki au miezi kadhaa, na mafakihi wamekwisha sema kwamba manufaa yanayotarajiwa kurudi husubiriwa.

Mwenye kuhukumu katika nchi yetu ni mahakama, si imamu. Lakini watu huja kwetu kwanza, wakitaka suluhu. Aulize basi: mgonjwa aliambiwa kabla, kwa lugha anayoifahamu, kwamba uso huenda ukapinda? Karatasi aliyotia dole gumba, nani alimsomea?