Mkazo, Gita na Mizani: Remmy Ongala kama Mshairi

Tangu Amri Abedi alipochapisha *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954, mhakiki wa ushairi wa Kiswahili amekuwa na kipimo kilicho tayari mkononi: vina na mizani. Mjadala wa wanamapokeo na wanamabadiliko ulikitikisa kipimo hicho kwa upande wa shairi lililoandikwa, lakini wimbo wa dansi ulibaki pembeni. Hata unapoingizwa darasani, huingia kama matini: maneno hunakiliwa, ala huondolewa, kisha wanafunzi huulizwa dhamira. Makala haya yanashikilia kwamba, kwa mtunzi kama Remmy Ongala, kinachobaki baada ya kazi hiyo ni nusu ya utungo, na kwamba uamuzi wetu kuwa nyimbo zake ni “maneno ya kawaida tu” umetokana na nusu iliyotupwa.

Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947. Alikuwa mpigaji kabla ya kutambuliwa kuwa mtunzi. Ujanani aliimba na kupiga ngoma katika bendi, akashika na gita, na alipofika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy alikuwa amekwisha kuzoea kuusikia wimbo kutoka zaidi ya nafasi moja jukwaani. Baadaye aliongoza Matimila, iliyokuja kuitwa Super Matimila. Kuhusu lafudhi yake ya Kikongo sina la kuongeza. Kinachonihusu hapa ni sikio la mpiga ngoma.

Tuchukue majina mawili ya nyimbo zake, “Mnyonge Hana Haki” na “Sauti ya Mnyonge”. Kwa hesabu ya kimapokeo yanalingana: kila moja lina mizani saba. Kwa mpiga ngoma hayalingani hata kidogo. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Basi jina la kwanza lina mikazo mitatu (*nyo*, *ha*, *ha*), na miwili ya mwisho inafuatana kwa karibu kama hodi ya mwenye haraka. Jina la pili lina mikazo miwili tu (*u*, *nyo*), na kati yake kuna nafasi. Shairi la kuandikwa haliijui nafasi hiyo. Katika dansi, ambamo gita la solo, la rithimu na la besi huzunguka katika mapigo yanayojirudia, nafasi kama hiyo ni mali: gita linaweza kujibu hapo, au mwimbaji akanyamaza na kuuacha mzunguko upite. Mizani ya namna hii hupimwa kwa muda, na silabi huongezwa au kupunguzwa ndani yake bila wimbo kuvunjika.

Hapo ndipo takriri inapopata kazi. Msomaji wa karatasi akiona swali la “Muziki Asili Yake Wapi” likirudi, huona ufukara wa maneno. Msikilizaji hukutana na swali lile lile likiwa limeegemezwa juu ya ala, na ala ndizo hoja yenyewe, kwa kuwa kinachoulizwa ni asili ya kile anachokisikia wakati huo huo. Katika “Kifo” tashihisi ni ya kale na ingeweza kuchakaa. Kinachoiokoa ni mzunguko wa gita usiosita, usiojali malalamiko ya mwimbaji. Sidai kwamba kila kinachorudiwa juu ya mapigo ni ushairi. Zipo nyimbo za dansi, na baadhi ni za Remmy, ambamo kiitikio hurudi bila kubeba chochote kipya.

Hatari ya kuyatenga maneno na mazingira yake haiko darasani peke yake. “Mambo kwa Soksi”, wimbo uliohimiza matumizi ya kondomu wakati wa janga la UKIMWI, haukupigwa na Radio Tanzania. Kiisimu jambo hili lina kinaya: *soksi* ni tasfida, neno la nyumbani lililoazimwa ili kufunika, nalo lilichukuliwa kama tusi. Waliokuwa ukumbini walilisikia likiwa ndani ya mzaha na ngoma. Kinyume chake kilitokea Ulaya, ambako *Songs for the Poor Man* (1989) ilinunuliwa na watu wengi waliofuata magita bila kuelewa sentensi moja.

Nyimbo za Injili za miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki Desemba 2010, zinahitaji uchambuzi wa peke yake: nafsineni aliyekuwa akiuliza sasa anashuhudia, na kwa maoni yangu fani imepoteza kitu hapo. Lakini hata hilo haliwezi kuthibitishwa kwa unukuzi tulio nao. Unaotakiwa ni ule unaoonyesha silabi ipi iliangukia pigo lipi, gita liliingia wapi, na mwimbaji alinyamaza kwa mizunguko mingapi.