Hakuna Jina, Mara Kumi

Mwezi uliopita baba aliuza gari. Mnunuzi alikuja Jumapili, akaizunguka mara mbili, akapiga tairi teke, akawasha injini, halafu akacheka alipoona redio. "Hii nitaing'oa niweke skrini ya Android," akasema. Fundi wake huchukua redio kuukuu kama sehemu ya malipo. Baba akakubali. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Akaniita kando: "Usiache sauti ya mama yako mdogo iende na gari ya mtu."

Tangu niachane na chuo mwaka wa tatu nimekuwa nikihakiki vitabu na filamu, nikilipwa kidogo na nikilipwa kuchelewa. Redio ya gari sijawahi kuihakiki. Leo wacha nijaribu, kwa sababu ile ilikuwa diwani kamili ya nyimbo. Na kama diwani yoyote, ilikuwa na mhariri, ina waliopewa heshima, na ina waliosahauliwa.

Gari yenyewe ilitengenezwa Japani 2006, ikafika kwetu 2013, kabla haijapita ile miaka minane ambayo sheria yetu inaruhusu kwa magari ya mitumba. Redio yake ilikuwa na ramani za Japani, zisizo na kazi Machakos, pamoja na diski ya kuhifadhia muziki. Ukitia CD, inaimba huku inajinakili. Ukiitoa, nyimbo zimebaki ndani. Lakini ule mlango ni wa kuingilia tu. Wimbo ukishaingia, huwezi kuuhamishia kwenye flashi wala simu. Waliounda mtambo walitaka kuzuia watu kurudufu kazi za wenyewe, na mimi siwezi kuwapinga sana. Waulize wanamuziki wa River Road nakala za wizi zimewala kiasi gani.

Kitu kingine: redio za Japani za wakati huo zilishika FM kuanzia 76 hadi 90. Zetu huanzia 87.5 hadi 108. Capital FM iko 98.4, kwa hivyo kwa gari yetu haikuwepo duniani. Watu huwekewa kile kifaa ambacho mafundi huita ekspanda, inasogeza masafa na mambo yanaendelea. Baba alisema atamwona fundi wikendi. Wikendi hiyo haikuwahi kufika. Basi diski ndiyo ikawa stesheni yetu.

Humo ndani kulikuwa na tabaka tatu, kama mchanga wa mto.

Chini kabisa ni nyimbo za mwenye gari wa kwanza, mtu tusiyemjua, ambaye hakufuta kitu. Albamu thelathini hivi. Nilipopata simu yenye kamera ya kutafsiri, niliielekeza kwa skrini na kusoma kila kitu: jina la albamu, la msanii, la kila wimbo. First Love ya Utada Hikaru ilikuwepo yote, ile albamu ya 1999 iliyouzwa kuliko nyingine yoyote Japani. Nilikua nikijua mpangilio wake kwa moyo bila kuelewa neno hata moja.

Juu yake ni CD moja tu. Mwaka 2014 kwaya ya kanisa letu ilirekodi nyimbo kumi ili kuchangisha pesa za mabati. Baba alinunua nakala mbili. Moja ilijikunja kwa jua la dashibodi, nyingine ikakopwa, na si unajua vitu vya kukopwa. Mama aliimba sauti ya pili. Dada yake mdogo ndiye aliyeongoza. Alifariki 2019, na tulipoulizia kwa wanakwaya wengine, kila mtu alidhani mwenzake ndiye aliyehifadhi.

Sasa, siku ile baba alipotia CD hiyo, skrini iliandika kitu kwa Kijapani. Miaka kadhaa baadaye kamera ikanitafsiria: hakuna jina. Msanii: hakuna jina. Halafu nyimbo, kuanzia ya kwanza hadi ya kumi: hakuna jina, hakuna jina, hakuna jina.

Niliudhika kabisa. Ati mashine inamjua kila mwimbaji wa Tokyo, lakini mama mdogo ni hewa? Nilikuwa tayari na makala yangu kichwani, ile ya kulaumu wakubwa wa dunia. Kisha nikasoma jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, na makala ikaharibika.

CD ilipoingia sokoni 1982 haikubeba majina ya nyimbo, ilibeba sauti na vipimo. Mashine inapotaka kuijua CD, inahesabu nyimbo ziko ngapi na kila moja inaanzia wapi, halafu inatafuta vipimo hivyo kwenye orodha. Kama kuna mtu aliwahi kuyaandika majina, yanatokea. Orodha mashuhuri ya kwanza ya aina hiyo, CDDB ya miaka ya 1990, ilijazwa na watu wa kawaida: mtu anakaa kwake, anatia CD yake, anachapa majina, anatuma. Yaani yale majina ambayo nilidhani ni uchawi wa Kijapani ni kazi ya mikono. Kuna mtu alikaa chini akaandika.

Nikamwomba mama jalada la ile CD, ambalo aliliweka ndani ya Biblia. Mbele kuna picha ya kanisa na maua. Nyuma kuna shukrani kwa padre, kwa mheshimiwa aliyekuwa mgeni rasmi, kwa mwenye studio pamoja na namba yake ya simu. Nyimbo zimeorodheshwa. Jina la mtunzi hakuna. Jina la mwimbaji hata mmoja, hakuna. Mashine ilikuwa imetusoma vizuri sana.

Tabaka la tatu ni flashi zilizokuja baadaye, na hapo hatuna wa kumsingizia. Unaenda mjini, unamlipa kijana, anakujazia. Wimbo wa kiwango cha kawaida, kilobiti 128 kwa sekunde, unakula karibu megabaiti moja kwa dakika, kwa hivyo flashi ya gigabaiti nane inaweza kukuimbia siku tano mfululizo. Nyingi ya hizo ni miksi za saa nzima, faili moja yenye jina la DJ na namba ya toleo. Nazipenda, sitadanganya. Kwa foleni ya Mombasa Road hakuna dawa bora. Lakini sikiliza miksi za benga na rumba kwa makini. DJ anaruka mashairi na kutua moja kwa moja pale gitaa linapochachamaa. Mario ya Franco, ya 1985, ni hadithi ya karibu dakika kumi na nne. Kwenye flashi yetu ilipewa mbili. Mwanamke anayelalamika katika wimbo ule hakupata nafasi ya kumaliza lalamiko lake. Nyimbo zilizobaki nzima nazo zimeandikwa Track 1, Track 2, na redio nyingi hupanga majina herufi kwa herufi, hivyo baada ya 1 inakuja 10, kisha 11, ndipo 2. Muziki umehifadhiwa, ni kweli. Ila umehifadhiwa kama mchele kwenye gunia, na hakuna anayeuliza punje imetoka shamba la nani.

Usiku kabla gari haijachukuliwa, mama na mimi tuliketi ndani, madirisha juu, simu yangu juu ya kitambaa katikati ya viti. Njia pekee ya kutoa sauti ilikuwa kuirekodi ikiimba. Dakika hamsini na mbili, bila kuongea. Nilikuwa sijawahi kusikiliza albamu ile mwanzo hadi mwisho nikiwa nimenyamaza.

Kama mhakiki, nina ya kusema. Ngoma ya kinanda ni ileile katika nyimbo sita na iko juu mno. Wimbo wa tatu ulipaswa kuachwa. Lakini wa saba, mama mdogo anaanza peke yake kabla kinanda hakijaingia, chini kidogo ya noti, halafu anapanda polepole kuifikia, na kwaya inamngoja. Hilo halikuwa kosa. Anarudia vilevile katika ubeti wa pili. Ule ulikuwa uamuzi wa msanii, na miaka yote nilikuwa nikiusikia kama kelele za kwenda kanisani. Katika wimbo wa nane mbwa wa jirani alibweka. Yumo kwenye rekodi, nimemwacha.

Sauti ya simu ni mbaya kuliko ya diski. Besi imepotea karibu yote. Sitasema tumeokoa albamu, tumeokoa kivuli chake.

Baadaye tulikaa mezani na kompyuta. Nikazipa faili namba kwa sufuri mbele, 01 hadi 10, ili redio yoyote izipange sawa. Mama akanitajia. Nyimbo nne mama mdogo alizitunga mwenyewe. Mimi sikuwa nikijua. Mbili zilitungwa na mwalimu wa kwaya. Akasema niandike na waliopiga kinanda, na wale wa sauti ya pili, na yule dada aliyekuwa akiwapikia siku za mazoezi. Nikamwambia, "Mama, jina litakuwa refu, skrini italikata."

"Andika tu," akasema. "Wakikata, wakate wao."

Juzi nilichomeka flashi hiyo kwenye gari ya rafiki. Wimbo wa saba ukaanza. Skrini ilionyesha jina la wimbo, kisha jina la kwanza la mama mdogo na herufi tatu za jina la babu, basi ikaishia hapo.