"Kizuizi" Kisichozuia: Maoni Juu ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Hivi karibuni tulipata kusoma tafsiri ya somo la kompyuta iliyotayarishwa kwa wanafunzi mjini Morogoro. Kazi hiyo yastahili sifa, maana Kiswahili chake ni safi, na maneno kama "mfumo endeshi" na "kiendeshi" hayampotezi msomaji. Lakini katika sura ielezayo jinsi kiendeshi kinavyowasiliana na chombo, tulikutana na istilahi "kizuizi cha kumbukumbu". Tumeona vema tuijadili, kwa kuwa kosa lake si la ufasaha bali ni la maana.

Tuanze na dhana yenyewe. Kiendeshi kikitaka kadi ya mtandao ipeleke ujumbe, kwanza huandika maelezo ya ujumbe huo katika kumbukumbu, kisha huandika katika rejista ya kadi ili kuiarifu kuwa kazi iko tayari. Prosesa nyingi, kwa ajili ya kuokoa muda, zaweza kuyadhihirisha mambo hayo mawili kwa mfuatano usio ule wa mtunga programu. Arifa ikitangulia, kadi husoma maelezo ya zamani.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Mgeta, katika Milima ya Uluguru, apelekaye mboga sokoni Morogoro. Wapagazi wanateremsha makapu hadi ghala la kando ya barabara. Kijana anatumwa kumwambia dereva wa lori kuwa mzigo uko tayari. Kijana ana mbio. Akiwatangulia wapagazi, dereva atapakia makapu yaliyosalia ya juzi. Dawa yake si kuifunga njia. Dawa ni agizo kwamba kijana asiondoke kabla makapu hayajawekwa ghalani.

Sasa, neno "kizuizi" kwetu ni la kukomesha: askari huweka kizuizi barabarani ili gari lisipite. Mwanafunzi atadhani kuwa kumbukumbu imefungwa isiandikwe. Au atadhani kuwa, akisha kuliweka agizo hili, alichokiandika kimekwisha kufika chomboni. Kumbe agizo lahusu kutangulia na kufuata tu, wala halithibitishi kufika. Na kosa la namna hii halijitokezi upesi. Prosesa za jamii ya x86 kwa kawaida huhifadhi mfuatano wa uandishi katika kumbukumbu ya kawaida, hivyo programu yenye kasoro yaweza kufanya kazi vizuri humo. Ikihamishiwa kwenye prosesa za ARM, ambazo hutumika katika simu nyingi, huharibika mara moja moja, na chanzo kisionekane.

Wako waliopendekeza "mlinzi wa zamu". Neno hilo lina ladha nzuri, lakini zamu humfanya mtu afikiri kuwa kila mmoja amepangwa katika foleni. Sivyo. Wapagazi kumi waweza kufika ghalani kwa utaratibu wowote. Sharti ni kwamba wote wamtangulie kijana.

Kwa hiyo sisi twapendekeza "mpaka wa mfuatano": yaliyo upande huu yatangulie, yaliyo upande ule yafuate, na ndani ya kila upande pawe na uhuru. Kutokana nalo twapata "mpaka wa uandishi", "mpaka wa usomaji" na "mpaka kamili" unaohusu yote mawili. Majina ya amri zenyewe, kama wmb katika Linux, yabaki yalivyo, kwani hayo ni sehemu ya programu.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, na istilahi zake zilimlenga mtumiaji. Mtumiaji asiyelielewa neno hubonyeza, akaona matokeo yake kwenye kioo. Mwanafunzi wa viendeshi hana kioo cha kumsahihisha; analo neno tu. Basi wafasiri na walimu hawana budi kuhakikisha kuwa neno hilo halimdanganyi.