Wanawake Watano na Mmoja Aliyeachwa

Katika hadithi zilizotungwa juu ya mambo yaliyotokea kweli, yafaa tutazame mambo mawili: kile alichokichukua mtungaji katika historia, na kile alichokiacha. Mara nyingi kilichoachwa ndicho kinachotufunulia nia yake. Mfano mmoja ni filamu iitwayo Marked Woman, iliyoongozwa na Lloyd Bacon na kuonyeshwa Marekani mwaka 1937.

Asili yake ni kesi ya Charles Luciano, mkubwa wa magenge ya New York. Mwezi wa Juni 1936 alihukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi 50 kwa biashara ya madanguro, na wanawake waliofanya kazi humo walikuwa miongoni mwa mashahidi wakubwa. Hao walikuwa watu wa kudharauliwa, wenye sababu ya kuwaogopa polisi kama walivyoliogopa genge lenyewe.

Filamu yageuza danguro kuwa kilabu cha starehe, maana kanuni za sinema za wakati ule hazikuruhusu zaidi ya hapo. Hilo twaweza kulisamehe. Mary, anayechezwa na Bette Davis, mara ya kwanza atoa ushahidi unaowafaa wahalifu. Ageuka baada ya mdogo wake kuuawa, na yeye mwenyewe kupigwa na kutiwa alama usoni. Hapa watungaji, Robert Rossen na Abem Finkel, wastahili sifa: umoja wa wanawake hawa watano hauzaliwi na maneno matamu, bali na hofu iliyozidi kipimo. Kila mmoja aipima roho yake kwanza, ndipo asimame pamoja na wenzake.

Lakini yuko aliyeachwa. Eunice Carter, mwanasheria aliyeajiriwa na Thomas Dewey mwaka 1935, alikuwa mwanamke pekee na Mweusi pekee katika kundi lake la wanasheria 20. Yeye ndiye aliyeng'amua kwamba makahaba waliokamatwa mahali mbalimbali walitetewa na mawakili wale wale, wakadhaminiwa na watu wale wale, na kusimulia visa vilivyofanana. Akafahamu kuwa nyuma yao mna mkono mmoja. Dewey mwenyewe alisitasita mwanzoni. Katika filamu Carter hayumo kabisa. Akili ya mashtaka ni ya mwanamume mmoja, anayechezwa na Humphrey Bogart.

Pengine msomaji atajibu kwamba filamu si daftari la historia. Ni kweli, ila hapa hadithi yenyewe ndiyo iliyopungua. Mwanamke Mweusi msomi upande huu, wanawake wa danguro upande ule, na baina yao kila sababu ya kutoaminiana: mtungaji gani angetaka zaidi?

Na tazama mwisho wake, ulio bora kuliko yote yaliyotangulia. Kesi imekwisha, mwendesha mashtaka amezungukwa na wenye kumsifu, nao wanawake watano washikana mikono na kupotelea katika ukungu. Hapo filamu yasema wazi kwamba aliyejihatarisha siye atakayeheshimiwa. Watungaji waliuona ukungu huo ukiwafunika watano. Hawakuona kuwa wao wenyewe wamekwisha kumfunika wa sita.